Kabla Sijaenda Kuonja Divai ya Bourgogne

Mimi ni mwalimu wa zamani hapa Lubumbashi. Nimefundisha watoto miaka 38, na sasa nimepumzika. Kwa miaka mingi nimekuwa pia mtunza sakristia katika parokia yetu. Kila asubuhi nimemimina divai katika kile kichupa kidogo cha Misa, na kando yake maji. Lakini sikujiuliza hata siku moja divai ile imetoka katika shamba la namna gani, wala ni nani aliyeinama kuchuma zabibu zake.

Basi, mwezi wa Februari mtoto wangu wa kike alinipigia simu kutoka Namur, katika nchi ya Ubelgiji, anakofanya kazi ya kuuguza wagonjwa. Akaniambia: “Papa, mwaka huu unatimiza miaka 65. Nimeweka akiba. Njoo kwangu majuma matatu, na katika hayo tutatoa siku tano twende Ufaransa, katika jimbo la Bourgogne, tukaone mizabibu na kuonja divai. Wewe ni mwalimu. Andika mpango wa siku hizo tano, mimi nitalipa.”

Nilifurahi, kisha nikanyamaza. Mtoto naye akanyamaza. Sisi wawili tulijua tunamkumbuka nani: marehemu kaka yangu mkubwa.

Kaka yangu alikuwa fundi hodari wa mashine. Alianza na bia ya jioni pamoja na rafiki zake, akafika kwenye kibuku, akamalizia kwenye lutuku, ile pombe kali ya kienyeji inayowaka kama mafuta ya taa. Alikufa mwaka wa 1999, akaacha mjane na watoto wanne. Siku ya maziko mama yetu alinishika mkono mbele ya kaburi, akaniomba nimwahidi kwamba hatamzika mtoto mwingine kwa sababu ya pombe. Nikaahidi. Tangu siku ile sikunywa bia wala divai. Tena nilitwaa mkebe mtupu wa maziwa ya unga, nikatoboa kifuniko chake, na kila juma nikatia ndani zile franka nilizozoea kunywea bia. Mkebe ule ulisaidia kuwalipia watoto wa kaka masomo, mmoja baada ya mwingine, mpaka yule wa mwisho akamaliza.

Sasa mimi, mtu wa mkebe, niende Ulaya kuonja divai? Nikamwambia mtoto: “Ngoja kwanza. Nitaandika mpango kama ulivyotaka. Nikimaliza nitakujibu ndiyo au hapana.”

Nikanunua daftari, nikaanza kusoma. Nawaambieni kwa kifupi yale niliyoyaona, kwa maana yamenifundisha.

Bourgogne iko upande wa mashariki wa Ufaransa. Mji wake mkubwa ni Dijon. Kutoka Dijon kwenda kusini mpaka kijiji cha Santenay kuna mteremko wa vilima, urefu wake kama kilometa 60, unaoitwa Côte d’Or. Shamba maarufu la mizabibu ni mkanda mwembamba tu kando ya vilima hivyo. Udongo ni wa chokaa, na mteremko unatazama mashariki, hata jua la asubuhi linaipiga mizabibu mapema. Juu kabisa udongo ni haba, chini kabisa maji yanatuama. Zabibu njema zaidi zinatoka katikati. Divai nyekundu wanaitengeneza kwa zabibu iitwayo pinot noir, na nyeupe kwa chardonnay.

Ajabu yake ni hii: mashamba yamegawanywa katika vipande vidogo vidogo, na kila kipande kina jina lake, mpaka wake na ladha yake. Vipande hivyo wanaviita climats, navyo ni 1,247. Mwaka wa 2015 shirika la UNESCO liliviandika katika orodha ya urithi wa dunia. Kipande kinachoitwa Romanée-Conti hakifiki hektari 2, lakini chupa yake moja ina bei ya kujengea nyumba kwetu. Nikamwandikia mtoto: “Hiyo tutaitazama kutoka njiani.” Akacheka. Kuna msalaba wa mawe umesimama kando ya shamba hilo, na wageni wengi hupiga picha pale bila kutoa hata franka moja.

Je, ni nani waliojifunza kutofautisha kipande na kipande? Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wamonaki. Mwaka wa 1098 Mtakatifu Roberto wa Molesme na wenzake walianzisha monasteri ya Cîteaux, mahali pa misitu na maji, kusini ya Dijon. Baadaye aliingia humo Mtakatifu Bernardo, aliyezaliwa mwaka wa 1090 karibu na Dijon. Wamonaki hao walishika sala na jembe pamoja. Walihitaji divai kwa Misa na kwa wageni, wakapanda mizabibu pale Vougeot katika karne ya 12, kisha wakaizungushia ukuta wa mawe. Shamba hilo, Clos de Vougeot, bado lipo, kama hektari 50. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa mali ya Kanisa ilinyang’anywa na kuuzwa. Leo shamba moja lile lina wenye mali karibu 80, na kila mmoja ana mistari yake ya mizabibu.

Katika kusoma habari za wamonaki nilikuta neno lililonichekesha. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake, anasema kwamba divai haiwafai wamonaki kabisa. Lakini, kwa kuwa wamonaki wa siku zake hawakubali kusadiki jambo hilo, basi angalau wakubaliane kunywa kidogo, wasifike kushiba. Akawapa kipimo chao cha siku. Nikawaza: huyu mtakatifu aliwajua watu vizuri.

Basi nikafika kwenye kuonja kwenyewe. Mimi nilidhani kuonja ni neno la adabu tu la kusema kunywa. Sivyo. Mwonjaji anatiwa divai kidogo chini ya glasi. Kwanza anaitazama mbele ya kitu cheupe ili aone rangi yake. Kisha anaizungusha polepole na kuinusa. Halafu anatia kidogo kinywani, anaigeuza juu ya ulimi, na mwishoni anaitema katika chombo kilichowekwa mezani kwa kazi hiyo. Hakuna anayemwona mtu asiye na adabu kwa kutema. Wanaofanya kazi hiyo kila siku wanatema karibu zote, maana wasipotema hawawezi kuonja ya tano au ya sita kwa akili timamu.

Nilijaribu nyumbani kwa munkoyo. Nikatazama rangi, nikanusa, nikageuza kinywani, nikatema katika bakuli. Wajukuu walicheka mpaka wakakaa chini. Mdogo wao akasema: “Mama, tata anaharibu munkoyo!” Lakini mimi niliona jambo: kwa mara ya kwanza nilisikia vizuri ladha ya mahindi na ile ya mzizi, kila moja peke yake. Siku zote nilikuwa namezea tu.

Hata hivyo moyo wangu haukutulia. Nikaenda kwa Padri Paroko wetu, nikamweleza habari yote ya mama na ya ahadi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: “Mwalimu, uliahidi kutokugusa kileo, au uliahidi kwamba kileo hakitakuua?” Nikajibu: “Padri, maneno ya mama yalikuwa hayo ya pili. Lakini mimi nimeyashika kama ya kwanza, na yamezaa matunda.” Akasema: “Divai si dhambi. Bwana wetu aliyageuza maji yawe divai pale Kana, na jioni ya mwisho akaichagua iwe Damu yake. Lakini mama yako amekwisha kufa, na mimi siwezi kujibu mahali pake. Yuko mtu mmoja aliye hai ambaye pombe ile ilimvunjia nyumba. Nenda kwake. Usimwombe ruhusa kama mtoto. Msikilize tu.”

Nilimwelewa. Alisema habari za mjane wa kaka.

Majuma mawili sikwenda. Niliona haya. Mwanamke huyu ameuza samaki wakavu sokoni zaidi ya miaka ishirini. Nitaingia kwake nikimwambia nini? Kwamba shemeji yake anapanga starehe ya divai huko Ulaya?

Wakati huo nilisoma habari ya mji wa Beaune, na habari hiyo ndiyo iliyonisukuma. Beaune uko katikati ya mashamba yale, kama kilometa 40 kutoka Dijon. Mwaka wa 1443, baada ya miaka mingi ya vita na njaa, Nicolas Rolin, mkuu wa serikali ya Mtawala wa Bourgogne, pamoja na mke wake Guigone de Salins, walianzisha pale hospitali kwa ajili ya maskini. Mgonjwa wa kwanza alipokelewa tarehe 1 Januari 1452. Chumba kikubwa kina urefu wa mita 50 hivi, vitanda vimepangwa pande mbili, na mwishoni kuna kanisa dogo, ili mgonjwa ashiriki Misa akiwa amelala kitandani. Juu ya altare iliwekwa picha kubwa ya Hukumu ya Mwisho, aliyoichora Rogier van der Weyden, na ndani yake Mtakatifu Mikaeli anashika mizani. Masista waliwauguza watu katika nyumba ile zaidi ya miaka 500. Mwaka wa 1971 wagonjwa walihamishiwa hospitali mpya, na nyumba ya zamani ikawa mahali pa kutembelewa.

Tena sikilizeni. Tangu mwaka wa 1457 watu walianza kuipa hospitali ile mashamba yao ya mizabibu, wengine wakiwa hai, wengine kwa wosia. Leo ina kama hektari 60. Na tangu mwaka wa 1859 divai yake inauzwa kwa mnada, sasa kila Dominika ya tatu ya Novemba. Inauzwa kwa pipa, na pipa moja ni lita 228. Wafanya biashara wanatoka nchi nyingi kuja kushindana kwa bei, na fedha zinakwenda kwa hospitali na kwa kutunza ile nyumba ya zamani.

Niliweka daftari chini. Nikafikiri habari ya mkebe wangu juu ya kabati. Watu wale wa Beaune walikuwa na mizabibu, mimi nilikuwa na franka za bia, lakini jambo ni moja: kile ambacho kingeweza kuangamiza mtu kimegeuzwa kuwa msaada kwa mtu. Siku ya pili yake asubuhi nilikwenda kwa mjane wa kaka.

Nilimkuta anapanga samaki katika beseni. Nikakaa kwenye kiti kidogo, nikamwambia yote: simu ya mtoto, siku tano, glasi na kutema, maneno ya Padri, na hospitali ya Beaune. Alisikiliza huku mikono yake inafanya kazi. Nilipomaliza aliniuliza neno moja tu: “Wale wagonjwa, walilala vitanda vizuri?”

Nikamjibu kwamba nimesoma vitanda vina mapazia mekundu, lakini hapo zamani walilala wawili wawili. Akatikisa kichwa. Akasema: “Kaka yako alifia chini, juu ya mkeka. Alikuwa amekwisha kuuza kitanda.”

Jambo hilo sikulijua. Miaka yote ile hakunieleza. Nilitaka kusema kitu, maneno yakakosekana. Akaendelea: “Shemeji, ile ahadi ulimpa mama. Lakini aliyekula faida yake ni mimi na watoto wangu. Mimi sikudai tena. Nenda. Onja, uteme kama wanavyotema. Lakini usiniletee chupa katika nyumba hii, hata kama ni ya dhahabu. Niletee picha ya vile vitanda. Na mkebe wako usikae mtupu, kwa maana hapa jirani kuna watoto wengine.”

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Jioni nikampigia mtoto simu, nikamwambia: “Ndiyo. Na mpango umekwisha. Chukua kalamu.”

Huu ndio mpango wetu. Nauandika hapa, maana pengine wewe pia una mtoto au ndugu huko ng’ambo atakayekuita.

Kwanza, wakati. Tutakwenda nusu ya kwanza ya Oktoba. Zamani mavuno yalichelewa zaidi. Wataalamu wamechunguza tarehe za mavuno ya Beaune tangu mwaka wa 1354, wakaona kwamba tangu 1988 zabibu zinavunwa kwa wastani siku 13 mapema kuliko zamani, kwa sababu ya joto. Siku hizi mara nyingi wanavuna katika Septemba, hata mwisho wa Agosti. Siku za mavuno wenye mashamba hawana nafasi ya kupokea wageni. Na siku za mnada wa Novemba mji unajaa na vyumba vinakuwa ghali. Oktoba kazi kubwa imekwisha, majani yanageuka manjano, na watu wana nafasi ya kuzungumza.

Pili, karatasi. Kwa kuwa siku nyingi nitakaa Ubelgiji, viza nitaiomba kwa Wabelgiji, nayo inafaa kuingilia Ufaransa pia. Ombi linaweza kutolewa miezi sita kabla ya safari, na bima ya matibabu ya euro 30,000 inatakiwa. Mimi naanza mapema. Mtu anayechelewa analia mbele ya dirisha.

Tatu, njia. Kutoka Bruxelles tutapanda gari la moshi mpaka Paris. Pale inatubidi tuhame kituo, kutoka Gare du Nord kwenda Gare de Lyon, na kutoka hapo ni kama saa moja na nusu hivi mpaka Dijon. Kutoka Dijon mpaka Beaune ni dakika ishirini na kidogo. Gari la kukodi tumelikataa. Sheria ya Ufaransa haimruhusu dereva kufikia nusu gramu ya kileo katika lita moja ya damu, na mimi sitaki mtoto wangu ahesabu gramu barabarani.

Nne, siku zenyewe. Siku ya kwanza tutafika Dijon na kulala. Siku ya pili asubuhi tutakwenda Beaune, na hatutaonja kitu kabla ya kuingia katika ile nyumba ya wagonjwa. Nitapiga picha ya vitanda. Jioni tutaonja kwa mtu mmoja tu. Siku ya tatu ni Vougeot, kuona ukuta wa wamonaki na mashine zao kubwa za mbao za kukamulia zabibu. Siku ya nne ni monasteri ya Cîteaux, ambamo wamonaki wamo tena tangu 1898, wanasali na kutengeneza jibini. Siku ya tano mtoto anataka tupande baiskeli katika njia ya mizabibu inayotoka Beaune kwenda Santenay, kama kilometa 22. Mimi nimemwambia nitafika nusu.

Tano, kipimo. Tutaonja mahali pamoja kwa siku, hapazidi pawili, tukiwa tumekwisha kula. Tutaomba nafasi mbele kwa simu, maana nyumba nyingi ni za mkulima na familia yake, si duka. Tutamlipa kwa haki, kwa maana kazi yake ni ngumu. Na tutatema. Mtoto ameuliza: “Papa, hata ile nzuri sana?” Nikamjibu: “Ile nzuri sana ndiyo kwanza.”

Sita, fedha za chupa. Wageni wengi hununua maboksi. Sisi tumehesabu bei ya chupa sita za wastani, na fedha hizo zimekwisha kuingia katika mkebe. Jirani yetu mmoja ana mtoto aliyefukuzwa shuleni kwa kukosa malipo. Juma lililopita amerudi darasani.

Ndugu wasomaji, sisemi kwamba kila mtu aonje. Yuko mtu ambaye tone moja linamrudisha shimoni. Huyo akae mbali, na sisi wengine tusimcheke wala tusimshawishi. Kaka yangu aliitwa mwoga kila alipojaribu kuacha, na waliomwita hivyo walikuja kulia kwenye maziko yake. Wala sisemi kwamba ahadi ni kitu cha kuvunja mtu akipata nafasi ya safari. Nimejifunza tu kwamba, kabla ya kupanga furaha yako, yafaa kwenda kumwuliza yule anayebeba kilio cha zamani. Mimi nilidhani atanikataza. Kumbe alikuwa na neno ambalo hakuna aliyekwenda kulisikiliza kwa zaidi ya miaka ishirini.

Asubuhi hii nimemimina tena divai ya Misa katika kichupa. Nimeinua kidogo kwenye mwanga wa dirisha, nikaitazama rangi yake, kisha nikaipeleka altareni. Mniombee nifike salama na nirudi salama, na picha ya vitanda mkononi.